Tatuu, hina, pete au kofia: alama ya mpendwa wako uiweke wapi?

Mwaka jana, ndani ya wiki moja, walinijia watu wawili na haja moja. Wa kwanza ni mwana wa kaka yangu, kijana wa miaka 23 afanyaye kazi ya mashua hapa Lamu. Alitaka tatuu ya simba begani, na chini yake jina la babu yake, yaani baba yangu mimi, kwa herufi za Kiarabu. Wa pili ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa bara, Mkristo, aliyekuwa amefiwa na baba yake miezi mitano nyuma. Yeye alitaka mabawa mawili kwenye kifundo cha mkono.

Mimi ni mchora hina. Tatuu sichori. Lakini kazi yangu tangu usichana ni kuweka maua kwenye ngozi za watu, na wote wawili walitaka mtu wa kuwaambia ukweli kabla hawajatoa pesa. Niliyowaambia ndiyo haya, pamoja na yale niliyojifunza kwa kuwafuata hadi walipofika.

Alama kwanza, mahali baadaye

"Simba wa nini?" nilimwuliza mpwa wangu.

"Babu alikuwa jasiri, shangazi."

"Alikuwa jasiri, kweli. Lakini ukifumba macho ukamkumbuka, unamwona simba?"

Alinyamaza. Halafu akasema anamwona babu amekaa barazani, kofia imemshukia usoni, anasokota kamba.

Hapo ndipo kazi yetu ilipoanza. Ujasiri, upole na subira ni sifa za watu wengi, na picha zake ni za watu wengi vilevile: simba, njiwa, mti wenye mizizi. Ukichukua simba umechukua picha iliyobandikwa ukutani kwa kila mchora tatuu, na maana yake itabidi uieleze kwa mdomo maisha yako yote. Lakini kitu kilichopita mikononi mwa mtu ni chake peke yake. Kwa hiyo mimi siulizi marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nauliza aliacha alama gani kwa mkono wake.

Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi la kubeba boriti. Jahazi lilipochakaa likavunjwa, mbao zikagawanywa, na kilichobaki kwetu ni jicho moja. Kwa msomaji asiyekaa pwani ya huku: majahazi ya Lamu huwekwa macho mawili omoni, moja kulia na moja kushoto. Hili letu ni duara la mbao lenye ukubwa wa sahani ya kulia, na ndani yake mwezi mwandamo na nyota. Limetundikwa ukumbini hadi leo. Ukilisogelea utaona mwezi umekatwa vizuri, lakini ncha moja ya nyota ni fupi kuliko zenzake, kwa kuwa patasi iliteleza. Baba alilipaka rangi mwenyewe kila mwaka, na kwenye ukingo wa chini kuna tone la rangi nyeupe lililogandia hapo, hatujaruhusu mtu alikwangue. Nilimshushia mpwa wangu jicho lile, nikamwekea mapajani. Simba hakutajwa tena.

Mwalimu naye nilimwuliza kama ana chochote kilichoandikwa na baba yake. Kumbe baba alikuwa mwalimu pia, na alimfundisha yeye mwenyewe alipokuwa darasa la nne. Kesho yake akaleta daftari la hesabu, jalada limepukutika, na ndani yake, kwa wino mwekundu, tiki za baba yake. Hazikuwa tiki za kila mtu. Alianza na kidoa, akashuka kidogo, kisha akapandisha mkia mrefu hadi ukavuka mstari wa juu, na mwishoni mkia ukapinda kama ndoana. Kila ukurasa, ndoana ileile. Mwalimu alipitisha kidole juu yake polepole, kama mtoto anayejifunza kuandika.

Ukipata kitu kama hiki, usikichore upya kwa kumbukumbu. Weka karatasi nyepesi juu yake ukifuatishe, au kipige picha simu ikiwa sawasawa juu yake, isiinamie upande. Thamani iko katika ule upungufu, ile ncha fupi na ule mkia uliopinda. Fundi mwenye mkono mzuri atataka kuunyoosha, na nia yake itakuwa njema. Mkataze.

Ukitaka neno au jina

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa lake nimeliona zaidi ya mara moja. Herufi za Kiarabu huenda kutoka kulia kwenda kushoto, nyingi hushikana, na herufi moja hubadilika umbo ikiwa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Programu ya simu au kompyuta isiyoelewa Kiarabu huzitenganisha na kuzigeuza, na fundi asiyesoma hunakili anachokiona. Chukua jina Maryam: mim, ra, ya, mim. Likigeuzwa huwa mim, ya, ra, mim. Asiyesoma ataona linaanza na mim na kuishia na mim, ataridhika. Mwenye kusoma ataona herufi nne zisizokuwa jina la mtu.

Binti mmoja, mgeni, aliwahi kunyoosha mkono nimchore hina, na juu kidogo ya kifundo pana tatuu ya jina la nyanya yake iliyogeuzwa vivyo hivyo, herufi zimeachana kama meno ya kitana kilichovunjika. Nilisubiri wenzake watoke ndipo nikamwambia. Alilia, na mimi sikuwa na dawa ya kumpa. Tangu siku hiyo sichoki kusema: jina la Kiarabu lisomwe na watu wawili, tena kwa sauti, likiwa bado kwenye karatasi. Mji wetu umejaa madrasa na wasomaji, na kusoma neno moja hakuna atakayekutoza. Aya za Qurani na jina la Mwenyezi Mungu usiviweke mwilini kabisa, kwa wino wala kwa hina. Mwili huo ndio unaoingia chooni.

Mpwa wangu alipoachana na herufi za Kiarabu alitaka neno la babu. Babu alikuwa akimwita kutoka barazani, "Ndoo!" Kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, ndoo ni njoo, kama njia ilivyo ndia na njaa ilivyo ndaa. Nilipolisikia kwake moyo ulinipasuka, maana mimi pia niliitwa hivyo. Lakini akishavukia bara kwa gati la Mokowe, akafika Mombasa au Nairobi, kila atakayelisoma ataona chombo cha kutekea maji. Hiyo si lazima iwe sababu ya kuliacha. Wapo wanaotaka alama isomwe na watu wa nyumbani tu, na wengine wasielewe. Muhimu ni kwamba uamue hivyo ukiwa unajua.

Tatuu

Sindano ya tatuu hupita tabaka la juu la ngozi na kuacha wino kina cha milimita 1 hadi 2. Tabaka la juu hubanduka na kuota upya, ndiyo sababu hina hutoka. Chini hakubanduki. Chembe za mwili zinazomeza uchafu huumeza ule wino na kukaa nao papo hapo, na moja ikifa nyingine huupokea. Wino haushiki kwa kukauka. Mwili ndio unaoushika.

Na kuuandika mwili si jambo lililoletwa na meli za watalii. Neno nembo, tunaloliona siku hizi kwenye barua za ofisi na jezi za timu, lilikuwa alama iliyochanjwa mwilini, na Wamakonde, ambao michoro yao ya usoni ni maarufu, huiita dinembo. Pwani yetu waganga wamechanja chale vizazi na vizazi. Kwa hiyo mtu asiambiwe kwamba anaiga wageni. Aambiwe yanayomhusu.

Uzuri wa tatuu ni kwamba huipotezi. Mwalimu alikuwa amehamishwa shule mara tatu, na kila alipohama kitu kilibaki nyuma. Pete ya mama yake ilipotea kwenye basi. Daftari lenyewe lilikuwa limeanza kuliwa na mende. Alipoeleza hayo nilielewa kwa nini alitaka alama isiyohitaji sanduku.

Kwa Mwislamu sitazunguka. Mtume (s.a.w.) amemlaani anayechora tatuu na anayetaka kuchorwa, na hadithi hiyo imo kwa Bukhari na kwa Muslim. Mpwa wangu alilijua hilo kabla hajaja, ila alikuwa hajalisikia kwa mtu anayempenda. Nilimwongezea lile ambalo vijana huona haya kuliuliza: aliyekwisha kuchora zamani kisha akatubu, udhu wake husihi, kwa kuwa wino uko chini na maji hufika juu ya ngozi. Asifukuzwe msikitini kwa ajili hiyo.

Kwa kila mtu, wa dini yoyote, yapo ya afya. Sindano iliyomgusa mwingine inaweza kukupa homa ya ini B, homa ya ini C na virusi vya ukimwi. Homa ya ini B ina chanjo, ambayo kwa mtu mzima kwa kawaida hutolewa mara 3 ndani ya miezi 6, basi ianze kabla ya sindano ya wino. Sindano ifunguliwe pakiti mbele ya macho yako. Wino umiminwe kwenye kikombe kidogo kipya, na unaobaki utupwe. Anayezunguka ufukweni na chupa moja ya wino kwa wateja wote, mpite tu. Na ikiwa una desturi ya kuchangia damu, ujue watakuambia usubiri muda baada ya kuchora.

Ngozi zetu zina mambo yake. Wino mweusi hukaa vizuri na kusomeka, lakini nyeupe, manjano na waridi huzama. Ikiwa kwenu makovu huvimba na kupanda kuliko jeraha lilivyokuwa, tazama masikio yaliyotogwa, ya kwako na ya dada zako, kisha ufikirie mara mbili, maana tatuu nayo ni jeraha. Mistari nayo hunenepa kadiri miaka inavyopita, na nafasi finyu kati ya mistari hujaa. Nyota ya jicho la baba yangu ikichorwa kwa ukubwa wa ukucha, itafika siku itakuwa kidoa, na ile ncha fupi, ambayo ndiyo maana yote, itakuwa ya kwanza kupotea. Tiki ya mwalimu ilikuwa na bahati: ni mstari mmoja mrefu, hauna cha kujaa. Ndiyo sababu nasema umbo lenyewe laweza kukuamulia.

Kidonda hukauka juu kwa wiki mbili hadi nne, na muda huo si wa kuogelea wala kuanika jua. Kwa mtu wa ofisini ni jambo dogo. Kwa kijana anayeshuka majini hadi kiunoni kila asubuhi kuisukuma mashua, ni mwezi bila ujira.

Ukijuta, kuna kufuta kwa miale ya leza, vikao vingi kwa miezi mingi, ghali kuliko kuchora. Kwenye ngozi nyeusi huhitaji mashine inayofaa na mkono mwangalifu, la sivyo unabaki na baka. Mimi ningechora kana kwamba kufuta hakupo.

Hina, na jirani yake mbaya

Hina ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nitajitahidi nisiipendelee. Majani hukaushwa kivulini, hutwangwa, huchungwa kwa kitambaa chepesi hadi unga uwe laini kama poda, kisha hukandwa kwa maji ya ndimu na kuachwa saa kadhaa. Ukiweka kidole juu ya kinyunya kikakuachia doa la chungwa, kimekuwa tayari. Unakitia kwenye koni, unachora, kisha mtu anakaa nacho usiku kucha akiweza. Asubuhi hakioshwi. Hukwanguliwa kwa upande wa kisu butu, na rangi ya kwanza humvunja mtu moyo kwa kuwa ni ya chungwa. Siku inayofuata huanza kuiva, na siku ya pili huwa kahawia iliyokolea. Kiganja na unyayo hushika sana kwa kuwa ngozi yake ni nene. Kwenye mkono wa juu hutoka hafifu. Baada ya wiki moja hadi tatu imekwenda.

Kwa kuwa inakwenda, wengi hudhani haiwezi kubeba maana nzito. Mama yangu alikuwa akichora jani dogo la mrehani kwenye shina la kidole gumba, kila Idi, kabla hajaanza maua mengine. Tangu afariki, kila Idi naanza na jani lile. Likififia sihuzuniki, kwa kuwa najua Idi inakuja na nitalichora tena, na katika kulichora mkono wangu unakwenda pale pale mkono wake ulipokwenda. Tatuu huchorwa mara moja. Jani hili nimelichora mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Ila hina ina mipaka. Mjane aliye katika eda hajipambi, na hina ni pambo, kwa hiyo miezi minne na siku kumi hizo si wakati wake. Kwa mwanamume wa Kiislamu, hina ya mikononi na miguuni ni pambo la wanawake, na masheikh wengi humkataza isipokuwa kwa dawa. Na mtoto mchanga usimpake. Wako watoto, hasa katika nchi za malaria kama pwani yetu, ambao damu yao ina upungufu unaoitwa G6PD, na hina inaweza kuzivunja chembe zao za damu.

Sasa jirani mbaya. Piko nyeusi ya harusini, ile inayotoa weusi wa makaa kwa muda mfupi, mara nyingi ni rangi ya nywele, na ndani yake kuna dawa iitwayo PPD. Bibi harusi zetu wanaipenda kwa kuwa maua yanatoka makali kama yaliyopigwa chapa. Katika harusi moja ya ukoo wetu, binti wa dada yangu alipakwa piko kwenye mkono wa kulia. Usiku wa tatu maua yakainuka. Kila petali ikawa lengelenge, unaweza kulisoma ua kwa kidole gizani. Malengelenge yalipona, kivuli cha ua kilibaki miezi mingi, na hadi leo hawezi kutia nywele rangi, maana mwili ukishaikataa dawa ile hukaa ukiikataa. Mimi piko niliiacha mwaka ule. Hina safi haitoki nyeusi. Ukiambiwa hii ni hina nyeusi, inuka.

Pete ya fedha

Mafundi wa fedha wa Lamu wana kazi ambayo wageni huisafiria: pete iliyotiwa kigae cha sahani ya kale, buluu na nyeupe, kilichosuguliwa hadi kikalala sawa na fedha. Kwa mtu anayetaka alama ya mpendwa, wazo ni zuri mno. Sahani ya nyanya iliyovunjika, kikombe cha chai cha baba, kipande chake kidogo kinaweza kukaa kidoleni mwako. Lakini leta kigae chako mwenyewe, cha nyumbani. Usiokote magofuni, Takwa wala kwingineko. Vitu vya pale vinalindwa na sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, na kila kigae kinachotoka hakirudi.

Fedha pia huchongwa. Mstari mwembamba ambao ngozi ingeumeza, fedha huushika. Mwanamume Mwislamu anaruhusiwa pete ya fedha, dhahabu ndiyo aliyokatazwa, kwa hiyo hapa ndipo mpwa wangu alipoanza kuniangalia usoni. Imamu hatauliza, na ukiichoka unaivua ukaiweka.

Hatari yake ni kupotea, na nyingine ambayo watu wa bara hawaifikirii: kamba. Mtu wa mashua mwenye pete, kamba ikimnasa huku tanga limeshika upepo, pete haitoki peke yake. Inatoka na nyama. Manahodha wa zamani walivua pete kabla ya kukanyaga chombo, na baba yangu aliitia yake mfukoni, akafunga kifungo.

Kofia na leso

Kofia iliyoshonwa kwa mkono, ile iitwayo kofia ya vito, ni kazi ya miezi, na anayeshona anaweza kukuwekea umbo lako kati ya maua akikubali. Yafaa kwa mwanamume, huonekana msikitini na arusini, hurithiwa. Ukitaka alama iwe siri yako, siyo hii.

Leso ina jina lake tayari, yale maneno yaliyo chini ya mji, yaani uwanja wa katikati, na wapo waliohifadhi doti ya mwisho ya mama zao kwa sababu ya maneno hayo tu. Kuchapisha yako mwenyewe huhitaji kuagiza nyingi kwa pamoja, basi ni jambo la ukoo mzima, siyo la mtu mmoja.

Ukizisimamisha pamoja

Anza na kuuliza utaibeba kwa muda gani. Msiba mbichi hudanganya. Mtu wa mwezi wa pili wa kilio hutaka tatuu kubwa, na kufikia mwaka anataka kitu kidogo. Kama bado unalia kila asubuhi, chukua hina, au pete, au ukae na karatasi tu. Tatuu itakungoja.

Kisha uliza nani ataiona. Hina ya mikono huonwa na kila mtu, tena watu wataisifia na kukuuliza harusi ilikuwa ya nani, na huenda ukachoka kueleza kwamba ni ya mazishi. Kofia huonwa na wanaume wenzako. Pete huonwa na mwenye kutazama. Tatuu huonwa kwa kadiri ya nguo, na mahali ukapachagua vizuri huonwa na wewe peke yako, jambo ambalo hakuna alama nyingine inayoliweza kama yenyewe.

Umbo nalo lina haki yake. Mstari mmoja, kama tiki, utaishi popote. Umbo lenye vitu vidogo ndani, kama jicho la jahazi, litaishi kwenye fedha na kwenye uzi, litateseka kwenye ngozi, na kwenye hina litatoka zuri mara moja kati ya mara tatu, hata kwa mkono wangu. Rangi ikiwa ndiyo maana, kama buluu ya sahani, basi kigae chenyewe kwenye pete hakina mshindani.

Na uliza nani ataumia. Nilimwambia mpwa wangu kwamba kaka yangu, baba yake, hatasema neno akiiona tatuu. Atanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko atakakokaa nako nyumba moja. Mwalimu alimwuliza mama yake kwa simu. Mama akasema, "Mwanangu, ikiwa ni mwandiko wa baba yako, niletee nami niuone." Mizani zao hazikuwa sawa, na haikuwa lazima matokeo yao yawe sawa.

Bei sikuiweka juu. Kitu cha bei rahisi kwa wote ni hina, lakini ukiirudia kila mwezi kwa miaka utakuwa umelipa zaidi ya pete.

Walivyofanya

Kwa mwalimu nilifanya ninalomshauri kila asiye na kizuizi: kabla ya tatuu, ichore kwanza kwa hina, mahali pale pale, kwa ukubwa ule ule. Nilimfuatishia tiki ya baba yake ndani ya kifundo cha mkono. Siku ya tatu akarudi. Mkia ulikuwa unapita juu ya mikunjo ya kifundo, na kila alipokunja mkono ile ndoana ilivunjika vipande viwili. Tena watoto darasani walikuwa wakimwuliza nani amemsahihisha. Swali hilo lilimpendeza siku ya kwanza, siku ya tatu likamuuma. Tukangoja ikatoka. Tukaichora tena ndani ya mkono wa juu, karibu na ubavu, mahali ambapo akishusha mkono tiki inalala juu ya mwili wake. Hina ya hapo ilitoka hafifu, ila umbo lilikaa sawa. Alikaa nayo hadi ikafifia, akataka tena. Mara ya tatu akaniambia yuko tayari. Akamaliza chanjo zake, likizo ilipofika akaenda kwa fundi aliyemfungulia sindano mbele yake, akachora kwa wino mweusi, siyo mwekundu, kwa kuwa mweusi ndio utakaoonekana kwenye ngozi yake akiwa mzee. Alipewa sharti moja na mama yake, kwamba daftari lisitupwe. Limefungwa kwa nailoni, liko kwa mama.

Mpwa wangu alikwenda kwa fundi wa fedha na jicho la mbao limefungwa kwa shuka. Fundi alilitazama muda mrefu. Alipofika kwenye ile nyota akasema ataisawazisha, na mpwa wangu, ambaye hapendi kubishana na wakubwa, akamwambia, "La, mzee wangu, iache fupi." Pete ilikuwa tayari baada ya siku kumi. Mwezi uko juu, nyota chini yake, ncha moja fupi, na kwenye ukingo fundi aliweka kitone kidogo cha fedha bila kuombwa, pale pale lilipo tone la rangi.

Akienda baharini huivua, huitia mfukoni, hufunga kifungo. Kuhusu tatuu, hakusema ameiacha. Alisema akifika miaka 30 ataniuliza tena. Ile karatasi tuliyofuatishia jicho ameibandika ndani ya mlango wa kabati lake, na kila afunguapo kutoa shati huiona. Ni mwezi wa tisa sasa, na bado imebandikwa.